Back to Black ya Amy Winehouse: ununue toleo lipi?

Albamu ya pili ya Amy Winehouse ilitoka Uingereza Oktoba 2006, miaka mitatu baada ya albamu yake ya kwanza, Frank. Ina nyimbo 11 na haizidi dakika 35. Kwa kuwa ni fupi hivyo, wimbo mmoja ukikosekana pengo linaonekana, na matoleo yake hayafanani. Kabla hujavutiwa na rangi ya santuri, geuza kava usome orodha: wimbo wa 11 uwe "Addicted".

1. CD mbili, zenye maandishi Deluxe Edition (2007)

Kwa mnunuzi wa kawaida, hapa ndipo pa kuanzia. Diski ya pili ina nyimbo 8, zikiwemo "Cupid" ya Sam Cooke, "Monkey Man" ya Toots and the Maytals, na demo (rekodi ya majaribio) ya "Love Is a Losing Game" ambayo peke yake inatosha kukufanya uongeze hela. Humo pia mna "Valerie", na hapa wengi hujikwaa. "Valerie" ya mwendo wa kasi, ile inayopigwa kwenye sherehe, imo kwenye albamu ya prodyuza Mark Ronson iitwayo Version. Iliyomo humu ilirekodiwa BBC Radio 1, kwenye kipindi cha Live Lounge, na ni tulivu zaidi. Kama unatafuta ile ya kuchezea, hutaipata hapa.

Ukinunua CD iliyotumika, usikague upande unaong'aa tu. Tabaka linaloakisi mwanga liko chini kidogo tu ya maandishi, kwa hiyo mkwaruzo mzito upande wa lebo ni hatari kuliko ule wa chini, ambao mara nyingi husuguliwa ukatoka. Inua diski mbele ya taa: ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, iache. Hakikisha pia diski zote mbili zimo, maana diski moja hupotea na kasha likauzwa kana kwamba limekamilika.

2. Santuri moja

Dakika 35 zikigawanywa pande mbili ni kama 17 kila upande. Hapo mifereji inamopita sindano haibanwi, na sahani moja inatosha bila kupoteza besi. Kwa hiyo usilipie sahani mbili kwa sababu tu ni mbili. Zilipie kama ya pili ina nyimbo unazozitaka, na hilo utalijua kwa kusoma nyuma ya kava. Uzito wa gramu 180 nao hauboreshi sauti. Faida yake ni kwamba sahani haipindi kirahisi, basi.

Kuijaribu santuri iliyotumika, usianze na "Rehab". Drums na tarumbeta zake zina makelele ya kutosha kuficha kasoro nyingi. Weka sindano mwanzoni mwa "Love Is a Losing Game", ambapo gitaa linaanza taratibu. Mchakacho wowote utausikia hapo hapo. Kisha ruka hadi wimbo wa mwisho wa kila upande, karibu na lebo. Huko ndiko sindano iliyochakaa au iliyofungwa vibaya huzifanya "s" za mwimbaji zitoke kama mluzi. Zikikwaruza hata baada ya kuisafisha sahani na kujaribu sindano nzuri, mifereji imeshaliwa, na hakuna dawa.

Kuna ukavu ambao si kasoro, lakini. Nyimbo 6 zilizosimamiwa na Ronson zina ala za kundi la Dap-Kings la Brooklyn, na drums zilitengenezwa makusudi zisikike kama za miaka ya 1960: ngumu, zenye vumbi kidogo. Nyimbo 5 za prodyuza mwingine, Salaam Remi, zina ladha tofauti. Usirudishe sahani dukani kwa ajili hiyo.

Bandia zipo. Picha ya kava yenye ukungu na herufi ndogo zilizovimba ni dalili ya kwanza. Ya pili ni namba iliyochongwa kwenye sehemu laini inayozunguka lebo: ilinganishe na ya toleo analodai muuzaji, na ukinunua mtandaoni mwombe aipige picha.

3. Faili za kupakua

Chukua FLAC (faili isiyokata chochote cha sauti), si MP3 (inayokata ili iwe ndogo), kama tofauti ya bei ni ndogo. FLAC utaigeuza MP3 wakati wowote, kinyume chake hakirudishi kilichokatwa. Angalia usije ukapewa toleo lililosafishwa lugha: "Me & Mr Jones" ina matusi, na yakifutwa wimbo unabaki na mashimo. Ila usitarajie faili za namba kubwa, zile zinazouzwa kama hi-res, zikuondolee ukali wa sauti. Albamu hii iliandaliwa kwa sauti ya juu tangu mwanzo, na faili kubwa iliyotokana na maandalizi yale yale haibadilishi kitu.

4. CD moja ya kawaida ya Uingereza

Haina ubaya. Inunue ikiwa Deluxe haipatikani.

5. Toleo la kawaida la Marekani (2007)

"Addicted" haimo, mahali pake pana "You Know I'm No Good" kwa mara ya pili, safari hii Ghostface Killah akichana mistari. Rimiksi yenyewe inasikilizika, lakini haifungi albamu.

Ukitafuta mtandaoni, andika jina la mwimbaji pamoja na la albamu. Universal waliwahi kuziita Back to Black santuri zao nyingi za wasanii wengine walizozichapa upya, na filamu ya 2024 yenye jina hilo ina albamu yake ya nyimbo mchanganyiko. Kava unayoitaka ina Amy ameketi, na orodha yake inaanza na "Rehab".