Kampuni iliyotaka kumwacha Mama peke yake juu ya Hanang

Kampuni iliyotupeleka Mlima Hanang mwishoni mwa kipupwe haistahili shilingi ya mtu mwingine yeyote. Hayo ndiyo maoni yangu leo, ingawa jioni tuliyorudi Dodoma nilikuwa tayari kuwaandikia maneno laini zaidi, na hata sasa yupo mtu mmoja katika safari ile ambaye ningemlipa mara mbili ya alichoahidiwa. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu nimeshawapelekea kwa maandishi na bado nasubiri majibu yenye maana.

Msimu tuliuchagua vizuri. Kwetu Dodoma, Agosti na Septemba ni miezi ya vumbi na upepo, lakini kwa mtu anayetaka kupanda Hanang na kushuka siku hiyohiyo, huo ni wakati mwafaka: mvua zimekwisha miezi kadhaa iliyopita, udongo wa njiani haunati tena kwenye viatu, na jua la Oktoba bado halijaanza kuchoma. Hata hivyo kipupwe kina masharti yake. Hanang ni volkano mfu yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, imesimama peke yake katika uwanda, na hakuna mlima wa jirani wa kuukingia upepo. Joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000, hivyo mtu aliyeondoka Katesh, mji ulio chini ya mlima, akiwa mwepesi wa mavazi hujikuta juu akitetemeka huku shati limelowa jasho. Isitoshe, jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu na giza huingia haraka. Kwa safari ambayo kwenda na kurudi huchukua saa kumi, na kwa wengine kumi na mbili, hakuna saa ya kuchezea.

Mambo hayo mwongozaji mkuu aliyajua kuliko sisi. Tulipomwuliza mapema asubuhi, kwenye njia ya Jorodom, ni saa ngapi tutageuza hata kama hatujafika kileleni, alijibu kwamba mlima haupandwi kwa saa ya mkononi. Jibu hilo halikunipendeza, lakini wenzangu walikuwa na ari, tukaendelea.

Tulikuwa na Mama mmoja, mtumishi mwenzetu anayekaribia kustaafu. Hakuwa mzembe hata kidogo; kwa wiki nyingi kabla ya safari alikuwa akipanda vilima vya pembezoni mwa mji kila Jumamosi, na msituni alitembea kwa mwendo wa taratibu usiokatika, mwendo ambao kila mpanda mlima mwenye akili angeuiga. Tulipotoka kwenye miti na kuingia kwenye nyasi na vichaka vya juu, ambako mteremko unakuwa mkali na changarawe inateleza chini ya viatu, akasema kichwa kinamgonga. Kwa mwinuko ule, maumivu ya kichwa si jambo la kupuuza. Ugonjwa wa mwinuko unaweza kumwanza mtu kuanzia kiasi cha mita 2,500, na dawa yake ya kwanza ni kutopanda zaidi, kisha kushuka iwapo hali haitengemai.

Mwongozaji hakumwuliza hata swali moja. Alimwonyesha jiwe kando ya njia, akasema: "Mama, kaa hapo. Tutakupitia tukirudi."

Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, nikae hapa na nani?"

"Hapa hakuna simba," akasema, kisha akageuka na kuendelea kupanda.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi mno. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, upepo unavuma, na kutoka pale hadi kilele halisi kulikuwa na ule ukingo mrefu wa kasoko ambao hupanda na kushuka na kumdanganya mgeni kila mara kwamba amefika. Maana yake ni kwamba "tukirudi" ilikuwa saa nyingi. Mtu mzima, aliyelowa jasho, anayeumwa kichwa, akalishwe juu ya jiwe lenye baridi, katika mlima asioujua, bila mwenyeji wake hata mmoja! Aliyelipwa kumlinda ndiye aliyetoa amri hiyo, na aliitoa kwa sauti ambayo katika familia nyingi mtoto hathubutu kumtolea mama wa rika lile. Nilibaki naye. Wenzetu wengine, wakidhani kila kitu kimepangwa, walikwenda na mwongozaji.

Aliyetuokoa ni kijana mpagazi, mwenyeji wa vijiji vya chini ya mlima. Alikuwa mbele na mizigo. Alipogundua kwamba Mama hayumo katika msafara, akaiweka chini, akarudi mbio. Alimsalimu shikamoo kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana, akamfunika kwa shuka lake mwenyewe, akampa maji kidogo kidogo, akamwuliza kama anaona kizunguzungu au kichefuchefu. Kisha akasema tunashuka sasa hivi, wote watatu. Alitangulia yeye, akimwonyesha mahali pa kukanyaga, na kila baada ya mwendo mfupi alisimama kabla Mama hajaomba kusimama. Tulipofika msituni kichwa kilikuwa kimepoa na Mama alikuwa akizungumza kama kawaida.

Njiani yule kijana alituonyesha kovu la maporomoko ya tope ya Desemba 2023, yaliyoshuka Katesh na vijiji vyake na kuua watu zaidi ya 80. Hakusema mengi. Nilielewa kwamba watu wa pale wanaujua mlima huu kwa namna ambayo hakuna kampuni inayoweza kuifundisha, na kwamba heshima aliyomwonyesha Mama ilitoka mahali hapohapo. Kwa ajili yake peke yake niliamua kwamba nikifika nyumbani nitaandika kuwa huduma ni ya wastani, yenye mwongozaji mmoja mbaya na msaidizi mmoja bora.

Hata wenzetu waliporudi gizani, wakimulikiana kwa simu, nilinyamaza.

Kilichonibadilisha ni simu niliyompigia yule kijana siku chache baadaye ili kumshukuru. Kwa shida sana akakiri kwamba amekatwa ujira wake wa siku ile kwa sababu "aliacha mizigo ya wateja". Nilikwenda ofisini kwao. Msimamizi alinisikiliza akiwa ameketi, hakunikaribisha kiti, akahitimisha kwamba mlima si wa wazee na kwamba kijana alivunja utaratibu. Kama utaratibu wao unathamini begi kuliko Mama anayeumwa, basi kosa si la mwongozaji mmoja, na yale maneno yangu laini nayafuta.

Hanang yenyewe sina ugomvi nayo. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na anayetaka kwenda anaweza kufika Katesh, akalipa ada za hifadhi na kutafuta mwongozaji mwenyeji. Amwulize waziwazi, kabla ya kutoa fedha, saa ya kugeuza ni ipi na nani atashuka na mgonjwa. Mama ameshaniambia kwamba kipupwe kijacho anataka kujaribu tena, kwa mwendo wake, na yule kijana ameshakubali kutangulia. Kampuni ikimlipa ujira wake nitalisema hilo hapahapa. Mpaka sasa hawajamlipa.