RollerCoaster Tycoon Classic: mchezo unaofundisha kubuni rolakosta kwa vipimo

Kati ya michezo ya kompyuta inayomtaka mchezaji asimamie bustani ya burudani, RollerCoaster Tycoon Classic ndio ninaoupendekeza kwanza kwa mtu anayetaka kubuni rolakosta zake mwenyewe, yaani zile treni za starehe zinazopandishwa juu kwa mnyororo kisha kuachiwa ziporomoke kwenye reli zenye vilima, kona na vitanzi (mizunguko inayomgeuza abiria kichwa chini). Mchezo huu ulitolewa kwa ajili ya simu mwishoni mwa 2016, ukafika kwenye kompyuta mwaka uliofuata, na ndani yake umeunganisha matoleo mawili ya awali, la 1999 na la 2002, ambayo Chris Sawyer wa Uskoti aliyaandika karibu yote kwa asembli, lugha ya programu iliyo karibu sana na lugha ya mashine yenyewe. Umri wake unaonekana kwenye picha, lakini katika kazi ya kubuni reli bado haujachakaa hata kidogo.

Reli hujengwa kipande kwa kipande kuanzia kwenye kituo cha abiria. Unachagua kama kipande kinachofuata kinyooke, kielekee juu, kiteremke au kipinde, unaamua kama kona ilazwe upande mmoja au ibaki bapa, kisha unaweka mnyororo pale treni inapohitaji kuvutwa. Baada ya kilele cha kwanza treni haina injini. Nguvu yote iliyo nayo ni ile iliyopewa na mnyororo, na msuguano unaipunguza njia nzima. Kwa hiyo kilima cha pili kikikaribia urefu wa cha kwanza, treni itasita karibu na kilele na kurudi nyuma. Mchezo hauweki onyo lolote wakati unajenga. Unakuachia ukamilishe mzunguko, uwashe majaribio, na uone mwenyewe treni isiyo na abiria ikishindwa kupanda.

Hayo majaribio ndiyo roho ya mchezo, na hapo ndipo unapowazidi washindani wake. Treni ikimaliza mzunguko, unapewa alama tatu: msisimko, ukali na kichefuchefu. Chini yake kuna vipimo: kasi ya juu kabisa, urefu wa mteremko mkubwa, muda ambao abiria huinuka kwenye viti, na nguvu za mvutano zinazowakandamiza, kuwainua au kuwasukuma ubavuni. Chukua mfano wa kona bapa iliyowekwa mara tu baada ya mteremko mrefu. Msukumo wa ubavuni ukizidi 2.8 g (yaani mara 2.8 ya nguvu ya uvutano wa dunia), namba yake huandikwa kwa rangi nyekundu na alama ya ukali hupanda ghafla; ukizidi 3.1, alama ya msisimko hukatwa nusu. Kuna ukurasa wa grafu unaoonyesha kasi na misukumo hiyo treni inapotembea, kwa hiyo mbunifu anaweza kutambua ni kona ipi hasa inayoharibu. Akiilaza kona hiyo, au akiitanua, au akitanguliza kilima kidogo cha kupunguza kasi, reli ileile iliyokuwa inaogopwa inaweza kugeuka kuwa kivutio kikuu cha bustani. Sijui mchezo mwingine unaoeleza sababu na matokeo ya mwendo kwa uwazi wa namna hii.

Wageni nao wana kauli yao. Kila mmoja ana kiwango cha ukali anachokipenda, na ukimgusa utasoma anachowaza; ukali ukipita 10, walio wengi hufika mlangoni na kugeuka. Bustani ya kwanza, Forest Frontiers, inakutaka uwe na wageni 250 na hadhi ya bustani isiyopungua 600 kufikia mwisho wa Oktoba ya mwaka wa kwanza, na katika lengo hilo rolakosta ya wastani inayopita katikati ya miti, ndani ya handaki na juu ya njia za watu hufaa kuliko jitu la kutisha, kwa kuwa mandhari ya karibu huongeza msisimko bila kuongeza ukali. Penye njia ya kutokea, weka mabenchi na mfagiaji, maana wenye kichefuchefu watatapika hapohapo.

Lipo jambo moja linalonisikitisha. Vitanzi huja vikiwa vimekwisha kuchongwa, nawe huwezi kuvibadili umbo. Mwaka 1976, katika bustani ya California ambayo leo huitwa Six Flags Magic Mountain, rolakosta ya Revolution ilifunguliwa ikiwa na kitanzi kilichopigiwa hesabu na mhandisi Mjerumani Werner Stengel. Hakikuwa duara kamili, bali kilibana juu na kupanuka chini ili abiria wasikandamizwe kupita kiasi wanapoingia. Somo hilo kubwa la uhandisi halipatikani hapa. Atakayelitaka aende kwenye Planet Coaster ya 2016, ambako reli hukunjwa kwa uhuru mkubwa zaidi, ila ajue kwamba atahitaji kompyuta yenye nguvu na subira ya kulainisha kila mkunjo.

Kwenye simu yenye skrini ndogo, vitufe vya vipande hubanana, na kidole huficha mahali unapojenga; tableti inafaa zaidi. Lugha ya Kiswahili haimo, ingawa alama na namba husomeka bila shida kwa aliyezoea simu. Toleo la simu hulipiwa mara moja, na nyongeza kama Wacky Worlds na Time Twister huuzwa pembeni, wakati toleo la kompyuta linazo tayari. Kwa anayekusudia kubuni reli tu, hakuna haja ya kuharakisha kununua nyongeza hizo, kwa sababu aina za rolakosta zilizomo tangu mwanzo zinatosha kumshughulisha kwa muda mrefu, na reli yoyote iliyomridhisha anaweza kuihifadhi na kuijenga tena katika bustani nyingine.