Vertov au Shub: uanze na nani?

Ukitaka kuzijua filamu za hali halisi za Kisovieti, utakutana haraka na Dziga Vertov na Esfir Shub.

Vertov alizaliwa Białystok mwaka 1896 kwa jina la David Kaufman. Aliamini kamera huona kuliko jicho la binadamu. Katika filamu yake ya 1929 kuhusu mpiga picha anayezunguka mjini, farasi anakimbia, kisha ghafla anaganda. Tunapelekwa mezani kwa Elizaveta Svilova, mkewe na mhariri wake, akikagua vipande vya mkanda. Sura za watoto zilizokuwa zimetulia kwenye mkanda zinapata uhai. Hapo huwa narudisha nyuma nitazame tena. Inaniuma kwamba mtu huyu alitumia miaka yake ya mwisho akihariri taarifa za habari za sinema.

Shub alishika njia nyingine. Kwa filamu yake ya 1927 kuhusu kuanguka kwa ukoo wa Romanov, uliotawala Urusi, alipekua mikanda ya zamani, ikiwemo ya familia ya Nikolai II mwenyewe, mfalme wa mwisho wa ukoo huo. Wakubwa wanacheza dansi kwenye sitaha ya meli hadi jasho linawatoka. Mara tunaona wakulima wakitokwa jasho kazini. Mkato mmoja tu, na picha za fahari zinageuka ushahidi.

Kwa ufundi, Vertov namweka juu. Ila kwa anayeanza, hasa mpenda historia, ningemwambia atangulize Shub: ukiijua kidogo habari ya mapinduzi ya 1917, filamu yake inafuatika bila shida.