The Chase na Eggheads: wapi bingwa anabanwa zaidi?

Vipindi hivi viwili vya chemsha bongo vya Uingereza huwakutanisha watu wa kawaida na wajuzi waliobobea, yaani mabingwa, ila mchezo si mmoja. Eggheads, kilichoanza BBC mwaka 2003, ni watano kwa watano. Hupambana mmoja mmoja kwa mada, na anayeshindwa hakanyagi fainali. Utamu uko hapo: unamchagua bingwa unayehisi ni dhaifu kwenye michezo au muziki, ili asiwasumbue mwishoni. Dau ni paundi 1,000, na mabingwa wakishinda linavimba kwa kipindi kinachofuata.

The Chase (ITV, 2009) ni mbio. Bingwa mmoja anawakabili wanne. Kila mtu hupewa dakika moja, paundi 1,000 kwa kila jibu sahihi, kisha anaamua: achukue nyingi huku bingwa akimpumulia kisogoni, au kidogo akiwa mbali naye. Fainali ni dakika mbili kila upande. Bingwa akikosea na timu ikapatia, anarudishwa nyuma hatua moja.

Mimi ni wa The Chase, kwa sababu ya saa ile. Eggheads wana majibu matatu ya kuchagua; hapo hata mimi hubahatisha.