Holta ya Watoto Baada ya MIS-C: Kipimo Kizuri, Maelezo Haba

Huduma ninayoitathmini ni ya Holta, kifaa kidogo kinachorekodi umeme wa moyo mfululizo kwa saa 24 au zaidi huku mtoto akiendelea na shughuli zake, kama inavyotolewa na kliniki moja ya moyo ya watoto jijini London. Binti yetu aliandikiwa kipimo hiki alipokuwa akipata nafuu baada ya kuugua MIS-C, ugonjwa wa watoto unaosababisha uvimbe katika viungo vingi vya mwili kwa pamoja, ambao madaktari wa Uingereza walianza kuutolea tahadhari mwezi Aprili 2020, na ambao kwa kawaida humpata mtoto wiki 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa UVIKO-19, hata pale maambukizi yenyewe yalipokuwa mepesi.

Wazazi wengi huukumbuka ugonjwa huu kwa homa isiyoshuka, maumivu ya tumbo, macho mekundu na vipele. Moyo nao huguswa: misuli yake inaweza kulegea, mishipa inayoulisha ikatanuka, na njia za umeme zikachelewa kupitisha mapigo kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Kuchelewa huko, ambako mara nyingi ni kwa daraja la kwanza, yaani lile jepesi kabisa, mtoto huwa hakuhisi. Hujulikana kwa ECG tu, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Watoto wengi hurudia hali ya kawaida uvimbe unapotulizwa kwa dawa za imunoglobulini (kingamwili) na steroidi, lakini kwa wachache tatizo hupanda daraja, na ndiyo maana mwongozo wa Marekani unataka mtoto aliyelazwa apimwe ECG angalau kila saa 48, na aliyekuwa na hitilafu ya umeme afikiriwe kupewa Holta anapofuatiliwa. ECG ya kawaida hunasa sekunde 10 hivi za moyo, na mapigo yanayoruka usiku wa manane hayasubiri miadi ya kliniki.

Kwa upande wa ufungaji sina la kulalamikia. Muuguzi alimfuta mtoto kifua kwa utaratibu, akabandika vibandiko, akazipitisha nyaya chini ya fulana ili zisikwame mlangoni, kisha akampa mtoto mwenyewe kifaa akishike kabla ya kukitia kwenye mfuko wa kiunoni. Kuoga ilikuwa marufuku mpaka kitolewe. Gundi iliacha alama nyekundu, ambazo mafuta ya watoto yalisaidia kuzituliza.

Thamani ya kipimo hiki, kwa maoni yangu, imo katika shajara inayoambatana nacho, na hapo ndipo kliniki ilipotuangusha. Fomu ilikuwa na nafasi ya saa, shughuli na dalili, lakini hakuna aliyetueleza namna ya kuijaza. Bibi yake, aliyeshinda naye nyumbani, aliandika “hajambo” mstari baada ya mstari, jambo ambalo halimsaidii msomaji wa rekodi hata kidogo. Kinachohitajika ni maneno kama “saa tisa na robo, amepanda ngazi mbio, anasema moyo unamwenda mbio”, pamoja na kubonyeza kitufe papo hapo, ili mtaalamu alinganishe malalamiko hayo na mchoro wa dakika ileile.

Matokeo yalichelewa, tena yalikuja kwa barua iliyoandikwa kana kwamba msomaji wake ni daktari. Ilitaja mapigo machache ya ziada ya vyumba vya chini, na hapo usingizi ukatupaa, kwa sababu haikuongeza kwamba mapigo ya namna hiyo yakiwa ya hapa na pale huonekana hata kwa watoto wenye afya. Sentensi moja ingetosha.

Wapo wanaouliza kama saa ya mkononi haiwezi kufanya kazi hii. Haiwezi: programu ya ECG ya Apple Watch, kwa mfano, imekusudiwa watu wa miaka 22 na kuendelea, na hutafuta tatizo jingine kabisa. Wala Holta isimfanye mtu akae nyumbani na mtoto aliyezimia. Huyo hupelekwa hospitali mara moja.

Huduma hii naipendekeza, hasa kabla mtoto aliyepata uvimbe wa misuli ya moyo hajaruhusiwa kurudi michezoni, ruhusa ambayo kwa kawaida husubiri miezi 3 hadi 6. Siku ya kufungwa, omba vibandiko vya ziada, namba ya simu inayopokelewa wikendi, na mfano wa shajara iliyojazwa vizuri.