Saa kumi na mbili za kwenda Guangzhou

Nilikuwa nimeapa siandiki, lakini juzi nimepita mbele ya ofisi ya yule wakala wa tiketi, hatua chache tu kutoka Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, hasira ikanipanda upya.

Mwaka jana hivi nilitaka kwenda Guangzhou kuchukua mikoba. Nikamuuliza kijana wa kaunta swali moja: kutoka Entebbe hadi kule ni saa ngapi? Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Saa kumi na mbili tu, mama." Nikapiga hesabu palepale: naondoka saa kumi jioni, nafika saa kumi alfajiri ya kwetu. China wako mbele kwa saa tano, kwa hiyo kule ni saa tatu asubuhi. Nikamwandikia muuzaji wangu anisubiri saa sita mchana.

Na kijana hakudanganya, hapo ndipo paniumapo! Entebbe hadi Dubai ni saa tano na kitu, Dubai hadi Guangzhou kama saba. Jumlisha mwenyewe. Wala Dubai si kuzunguka sana: njia hiyo ni kama kilomita 9,500, na ungenyoosha moja kwa moja ni kama 9,000. Alichomeza ni usiku wa katikati. Tulishuka Dubai saa nne na robo usiku. Ndege ya pili ni saa nne na nusu asubuhi. Nilikesha kwenye kiti chenye mikono ya chuma huku na huku, mtu asiweze kujinyoosha. Nikavua viatu, nikaukumbatia mkoba wenye dola, kila nikisinzia tangazo linanigutusha. Chapati za nyumbani ziliisha kabla ya alfajiri. Bei ya chai kule, tuache.

Nikatua Guangzhou saa tatu na nusu usiku. Maduka yamefungwa, na ile mikoba ya kahawia niliyoisafiria ameshauziwa mwingine.

Niliporudi nikamfuata. Akacheka, mbele ya wateja: "Mama, wewe uliuliza za kuruka. Dubai ulikuwa umekaa."

Umekaa!

Haya, niseme kweli: tiketi ilikuwa na saa zote, na nilikaa nayo wiki nzima nikiangalia jina na tarehe tu. Ndege yenyewe sina neno nayo, mizigo miwili ya kilo 23 imefika bila kuguswa, na bei yake hakuna aliyeishinda mjini. Nilitaka kumpa nyota tatu. Nikikumbuka kile kicheko, moja. Na hiyo moja ni ya mizigo.

Hiyo juzi niliyosema, nikaingia. Kijana yuleyule, simu ileile. Guangzhou tena, nikamwambia. "Saa kumi na mbili, mama." Nikavuta kiti, nikaketi, nikamwambia aweke simu chini, sasa anihesabie za kukaa.