TAHADHARI: Muuzaji wa "jozi" za sarafu za Tabora na nishani za KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), kipande cha kwanza halisi, cha pili feki

Wakusanyaji, kuna muuzaji anayezunguka kwenye magrupu ya sarafu za kale kwa majina tofauti, ila mtindo wake haubadiliki. Kwanza anakuuzia kipande kimoja halisi kwa bei nzuri, pengine chini kidogo ya soko. Kinafika, unakipima, kiko sawa. Siku chache baadaye anakwambia amempata "mwenzake". Huyo mwenzake bei yake ni mara tatu au nne, anataka hela yote kabla ya kutuma, na hapo ndipo feki ilipo. Anajua kwamba mwenye kimoja hapati usingizi mpaka apate cha pili, na anajua kuwa umeshamwamini.

Kwa hiyo cha pili kipime kama vile hujawahi kufanya biashara na mtu huyo hata siku moja.

Anachopenda zaidi ni dhahabu ya Tabora, rupia 15 za mwaka 1916, zile za tembo. Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika wakati huo, walizipiga kwenye karakana ya reli pale Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba mwaka huohuo. Ziko aina mbili, ndiyo maana watu wanatafuta jozi. Tazama upande wa tai: nakshi ya kulia inaishia ama chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, ama chini ya A ya kwanza ya neno hilohilo. Ya T zilipigwa 9,803, ya A 6,395. Basi jozi ni hiyo, moja ya T na moja ya A. Muuzaji huyu ana kalibu moja tu. Kwenye picha za "jozi" yake, sarafu moja huwa imelazwa kwa pembe au imepigwa kivuli pale penye nakshi. Mwombe picha iliyonyooka ya sehemu hiyo peke yake. Akileta, linganisha pia mikwaruzo: sarafu mbili tofauti haziwezi kuwa na kishimo kilekile kwenye sikio la tembo.

Wengi hunaswa kwa kisingizio kimoja. Sarafu za Tabora zilipigwa kwa vifaa vya dharura vitani, hivyo hata halisi huwa na kasoro. Muuzaji anaitumia kweli hiyo kufunika kila kitu. Lakini kasoro ya sarafu iliyopigwa si sawa na kasoro ya sarafu ya kusubu, yaani iliyomiminwa ikiwa majimaji kwenye kalibu. Ya kupigwa inaweza kuwa na picha hafifu upande mmoja, au kukaa pembeni kidogo, ila pale chuma kilipogonga vizuri herufi zina makali. Ya kusubu, ukiitazama kwa lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, ina vipele na vishimo vidogo vya hewa vilivyotapakaa, kingo za herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika, na mara nyingi kuna mshono kwenye ukingo, au alama ya tupa pale mshono ulipofutwa.

Baada ya macho, mizani. Tafuta inayosoma hadi 0.01 g. Uzito rasmi wa rupia 15 ni 7.168 g, na dhahabu yake ni asilimia 75, yaani karati 18. Uzito peke yake hautoshi, kwa sababu risasi iliyopakwa dhahabu inaweza kuongezwa unene hadi ifike hapo. Ongeza kipimo cha maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, gonga glasi taratibu ili viputo vitoke. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa sarafu halisi isome kati ya 0.46 na 0.48. Risasi ya uzito uleule itasoma karibu 0.63, shaba njano itapita 0.80. Hii haidhuru sarafu. Usimruhusu sonara aisugue kwenye jiwe na kuitia tindikali. Jibu utapata, ila na thamani utakuwa umeipunguza. Kama mko karibu na soko la madini lenye mashine ya eksirei, itumieni, lakini kumbukeni inasoma ngozi ya juu tu. Sarafu iliyopakwa dhahabu nene inaweza kuidanganya, maji hayadanganyiki kirahisi hivyo.

Jozi ya pili anayotembeza ni heller 20 za Tabora (heller ni kama senti ya rupia), moja ya shaba nyekundu na moja ya shaba njano. Nyekundu ndiyo adimu, kwa hiyo anachukua ya njano, ambayo ilipigwa kwa wingi, na kuipaka shaba nyekundu. Hapa mizani haina msaada, kwa kuwa uzito wa heller hizi unatofautiana sana hata kwa zilizo halisi. Angalia sehemu zilizoinuka, taji na kingo za herufi. Shaba ya kupakwa huchakaa hapo kwanza, na njano huchungulia. Rangi iliyo sawa kabisa, juu na ndani ya mabonde ya herufi, nayo ni dalili mbaya kwa sarafu ya zaidi ya miaka mia moja.

Kuhusu rupia za fedha, jozi za A na J za mwaka mmoja, yaani herufi inayoonyesha sarafu ilipigwa Berlin (A) au Hamburg (J): zipo kwa miaka kama 1905, 1906, 1911 na 1913. Akikuletea rupia ya 1909 yenye J au ya 1914 yenye A, herufi imechezewa, kwa sababu 1909 ni A tu na 1914 ni J tu. Uzito ni 11.66 g.

Sasa nishani. Askari wa KAR waliopigana Vita Kuu ya Kwanza walipewa jozi: British War Medal ya fedha na Victory Medal ya shaba nyeusi. Zote zina kipenyo cha milimita 36 na zimeandikwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Jozi ya kweli ina maandishi ya mtu mmoja kwenye zote mbili. Jamaa huyu anachukua Victory Medal ya mtu mwingine, anafuta ukingo kwa tupa, kisha anaandika upya jina linalofanana na la nishani uliyonunua kwanza. Pima kipenyo kwa kalipa sehemu nne au tano. Ikisoma 36 hapa na 35.6 pale, ukingo umeliwa. Kisha tazama herufi: za asili zilipigwa kwa mashine, chuma kimebonyea. Za kuchonga zina mikato yenye ncha, na chuma kimetolewa.

Msihangaike na miaka. Ya fedha imeandikwa 1914 na 1918, ya shaba 1914-1919. Ndivyo zilivyo, na kuna watu wamerudisha jozi nzuri kwa hofu hiyo bure. Cha kuhofia ni Victory Medal yenye maandishi ya Kiingereza na Kiholanzi pamoja. Hiyo ni ya Afrika Kusini. Ikiletwa kama mwenza wa nishani ya askari wa KAR, ni jozi ya kuunganishwa mezani. Na utepe mpya haumaanishi chochote, tepe hubadilishwa kila mara.

Kabla ya kutuma hela, dai video moja isiyokatwa: mizani tupu ikisoma sifuri, kipande kinawekwa, kinageuzwa pande zote, ukingo unazungushwa wote, na pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Muuzaji huyu hutuma picha ya mizani ikiwa na 7.17 na sarafu iko pembeni yake, haiko juu. Akisema simu yake mbovu, achana naye.

Lipeni mkononi mbele ya mizani. Kama tayari umetuma: Kenya, kwa M-Pesa peleka ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja kuomba urejeshwe, maana akishatoa pesa hakuna cha kurejesha. Tanzania, pigia mtandao wako, kisha ripoti namba yake ya simu kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040. Hifadhi picha zote, mazungumzo yote na bahasha aliyotumia, na nenda nayo polisi bila kumjulisha.